George Weah: tumpime kwa tuzo ya mwaka 1995, au kwa jambo lingine?

Kocha wa Chipukizi:

Salaam, wanajukwaa. Ninafundisha soka vijana wa chini ya miaka 17, na kila baada ya wiki kadhaa huwa tunakaa kitako kumzungumzia mchezaji mmoja aliyekwisha kutundika daluga, ili vijana wajue kwamba mchezo huu haukuanza walipozaliwa wao. Safari hii nilimchagua George Weah wa Liberia. Niliwaonyesha lile bao alilowafunga Verona mwaka 1996 akiichezea Milan ya Italia, wakashangilia, kisha kijana mmoja akauliza swali lililonifunga mdomo: "Mwalimu, huyu alishinda nini hasa? Kombe la Dunia hakucheza, Kombe la Mataifa ya Afrika hakutwaa, na Ligi ya Mabingwa Ulaya hakubeba. Kwa nini basi tumwite mkubwa?"

Nilimjibu kwamba ndiye Mwafrika pekee aliyewahi kutwaa Ballon d'Or, ile tuzo ya mwanasoka bora wa mwaka, aliyoipata mwaka 1995, lakini nikaona kabisa kwamba jibu hilo halikumtosha, na kusema kweli mimi mwenyewe pia halikunitosha. Tuzo hupigiwa kura, na kura haimfundishi kijana kitu. Naomba basi wale waliomfuatilia Weah enzi zake, au waliomsoma kwa kina, wanisaidie: urithi wake kama mchezaji uko wapi hasa? Yapo mambo ambayo kijana wa leo anaweza kuyaona uwanjani akaelewa, au tumebaki na bao moja na kikombe kimoja cha heshima?

---

Safu ya Nyuma:

Ndugu Kocha, kijana wako ameuliza vizuri, na mimi nitamjibu nikiwa mtu aliyecheza beki wa kati kwa miaka mingi katika ngazi za chini, kwa sababu mshambuliaji anajulikana vyema zaidi na yule anayeshindwa kumzuia.

Kabla ya Weah, washambuliaji wa kati wengi wa Ulaya waligawanyika katika makundi ambayo beki aliyazoea. Alikuwapo yule mrefu mwenye nguvu, asubiriaye krosi na kugombania mipira ya juu, na alikuwapo yule mwepesi mwenye mbio, aviziaye nyuma ya mabeki. Ukijua unakabiliana na yupi, unajua usimame wapi. Weah alikuwa wote wawili kwa pamoja, na juu yake akawa na miguu ya winga. Alikuwa na kifua cha kukusukuma, mbio za kukuacha, na chenga ya kukutazamisha upande usio wake. Alikuwa radhi kushuka hadi katikati ya uwanja kuuchukua mpira, ageuke nao, kisha aanze kukujia akiwa na mita 40 za nafasi mbele yake, jambo ambalo beki hulichukia kuliko krosi 100.

Hili bao la Verona kila mtu analijua. Ilikuwa tarehe 8 Septemba 1996, uwanja wa San Siro, na kona ilikuwa ya Verona, si ya Milan. Mpira ukamfikia Weah ndani ya eneo lake mwenyewe la hatari, akautuliza, akaanza safari. Kijana wako akiliangalia tena, mwambie asihesabu chenga. Ahesabu migusano ya mpira. Anapokuwa kwenye nafasi wazi anausukuma mbali ili mwili ukimbie kwa kasi yake yote, na anapowakaribia watu anaugusa kidogo kidogo, karibu na kiatu. Pale katikati ya uwanja anapobanwa, anajizungusha na kutoka upande wa pili kana kwamba mlango ulikuwa wazi muda wote. Kisha, baada ya kukimbia karibu uwanja mzima, bado ana pumzi ya kupiga shuti la chini lililotulia. Wengi huzimaliza mbio za namna hiyo kwa shuti la kwenda jukwaani.

Hata hivyo mimi ningewaonyesha vijana bao lingine kabla ya hilo. Novemba 1994, Paris Saint-Germain walikwenda kucheza na Bayern mjini Munich katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Weah aliingia akitokea benchi, akachukua mpira mbele ya msitu wa mabeki, akawapenya katika nafasi finyu mno, na kumalizia kwa shuti kali. PSG walishinda 1–0. Bao la Verona ni la mtu mwenye uwanja mzima mbele yake. Hili la Munich ni la mtu asiye na nafasi kabisa. Ukiyaweka mawili haya pamoja unaelewa tatizo lililowakabili mabeki.

Kuhusu makombe, kijana amekosea kidogo. Akiwa Monaco, ambako Arsène Wenger alimpeleka mwaka 1988 kwa pendekezo la Claude Le Roy aliyekuwa akiifundisha Cameroon, alitwaa Kombe la Ufaransa mwaka 1991, na mwaka uliofuata akafika fainali ya Kombe la Washindi Ulaya, ambayo Monaco walifungwa na Werder Bremen. Akiwa PSG alitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1994 na Kombe la Ufaransa mara mbili, 1993 na 1995. Akiwa Milan alitwaa ubingwa wa Italia mwaka 1996 na tena 1999. Mwaka ule wa 1999, zikiwa zimebaki mechi chache, Milan walikwenda Turin kucheza na Juventus, wakashinda 2–0, na mabao yote mawili yalikuwa ya Weah. Alikuwa na umri wa miaka 32, na watu walikwisha kuanza kusema kwamba mafuta yanaelekea kuisha. Hata alipokwenda Chelsea kwa mkopo Januari 2000, aliingia kama mchezaji wa akiba katika mechi yake ya kwanza dhidi ya Tottenham na kufunga bao pekee la mchezo, na miezi minne baadaye akaanza katika fainali ya Kombe la FA ambayo Chelsea waliifunga Aston Villa. Hiyo ilikuwa fainali ya mwisho ya kombe hilo katika Wembley ile ya zamani. Huyo si mtu wa kombe moja.

---

Msoma Takwimu:

Nakubaliana na Safu ya Nyuma kuhusu uchezaji, lakini sikubali tuipite tuzo ya 1995 kana kwamba ni pambo tu. Ina historia ambayo vijana wanapaswa kuijua.

Tangu jarida la France Football lilipoanza kutoa Ballon d'Or mwaka 1956 hadi mwaka 1994, kanuni ilikuwa kwamba tuzo ni ya wachezaji wa mataifa ya Ulaya pekee. Eusébio aliyezaliwa Msumbiji aliitwaa mwaka 1965, lakini aliitwaa kama Mreno, kwa kuwa Msumbiji ilikuwa bado koloni la Ureno. Pelé hakuruhusiwa kuigombea, Maradona hakuruhusiwa, na vivyo hivyo Roger Milla na Abedi Pele. Mwaka 1995 kanuni ikabadilishwa, na mchezaji yeyote wa taifa lolote, alimradi acheze katika klabu ya Ulaya, akaruhusiwa. Mwaka uleule wa kwanza, Weah akashinda kwa pointi 144, akifuatiwa na Jürgen Klinsmann aliyepata 108 na Jari Litmanen aliyepata 67. Litmanen alikuwa katika kikosi cha Ajax kilichotwaa Ligi ya Mabingwa msimu ule, kwa hiyo hapakuwa na uhaba wa wapinzani wenye medali. FIFA nayo ikampa tuzo ya Mchezaji Bora wa Dunia kwa mwaka huohuo.

Wapo wanaosema, na nimewasikia mara nyingi, kwamba alipewa kwa huruma, au kwa sababu jarida lilitaka kuonyesha kwamba mlango umefunguliwa. Hoja hiyo haisimami ukitazama msimu wa 1994/95. PSG walishinda mechi zote sita za kundi lao katika Ligi ya Mabingwa, wakawatoa Barcelona katika robo fainali, na wakaja kuangukia mikononi mwa Milan katika nusu fainali. Weah alikuwa mfungaji bora wa mashindano hayo akiwa na mabao 7. Milan waliowatoa ndio waliomnunua miezi michache baadaye, na hao hawakuwa klabu ya kununua wachezaji kwa huruma.

Kumbuka pia kwamba enzi hizo klabu za Ulaya ziliruhusiwa idadi ndogo tu ya wachezaji wa kigeni uwanjani. Mchezaji kutoka Liberia hakushindania nafasi kumi na moja, alishindania nafasi mbili au tatu, na ilimbidi awe bora kwa mbali ndipo akalie kiti hicho.

Tangu hapo hakuna Mwafrika mwingine aliyeshinda. Sadio Mané alishika nafasi ya pili mwaka 2022. Eto'o, Drogba na Salah walikuwa na misimu ambayo wengi wetu tuliona inatosha, ila kura hazikutosha.

---

Nyota Moja:

Wenzangu mmesema mengi ya Ulaya, na yote ni kweli. Lakini mnamtafuta Weah mahali ambapo alikuwa na raha. Mimi ningependa kijana aliyeuliza swali apelekwe mahali ambapo Weah alikuwa na tabu, yaani kwenye timu ya taifa ya Liberia, Lone Star.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Liberia mwishoni mwa mwaka 1989, mwaka uleule ambao France Football walimtaja kuwa Mwanasoka Bora wa Afrika. Viliendelea hadi 1997, vikatulia kidogo, kisha vikarudi 1999 hadi 2003, mwaka ambao yeye alistaafu. Kwa maneno mengine, karibu maisha yake yote ya soka ya juu yalikwenda sambamba na vita vya nyumbani kwao. Nchi yenye hali hiyo haina ligi ya kuaminika na haina fedha za kuipeleka timu popote. Weah ndiye aliyelipa. Alinunua jezi na tiketi za ndege, akawalipa wenzake posho, na kuna nyakati alikuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Fikiria mshambuliaji wa Milan anayemaliza mechi Jumapili, kisha anashika simu kupanga safari ya wachezaji 20 ambao wasipolipiwa hawatafika uwanjani.

Kwa njia hiyo Liberia walifuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1996 kule Afrika Kusini, wakawafunga Gabon na kufungwa na Zaire. Mwaka huohuo, baada ya Weah kuutaka hadharani Umoja wa Mataifa uingilie kati vita, nyumba yake mjini Monrovia ilichomwa moto. Nalitaja hili kwa sababu tunapenda kusema kwamba mchezaji fulani "aliipenda nchi yake" kana kwamba mapenzi hayo hayana gharama.

Sasa fika kwenye mchujo wa Kombe la Dunia la 2002. Kundi lilikuwa na Nigeria, Ghana, Sudan, Sierra Leone na Liberia, na ni timu moja tu iliyokuwa ifuzu. Liberia waliwafunga Nigeria 2–1 mjini Monrovia, na kwa muda mrefu walikuwa kileleni. Weah alikuwa na miaka 34, akihama kutoka Manchester City kwenda Marseille, na magoti yake hayakuwa tena ya San Siro. Tarehe 1 Julai 2001 Ghana, ambao hawakuwa wakipigania tena nafasi ya kwanza, walikuja Monrovia na kushinda 2–1. Nigeria wakamalizia mechi zao kwa kuwafunga Ghana haohao 3–0, na kundi likafungwa: Nigeria pointi 16, Liberia pointi 15. Pointi moja. Sare moja tu siku ile mjini Monrovia ingewafikisha kwenye pointi 16 sawa na Nigeria.

Mwambie kijana wako kwamba kutocheza Kombe la Dunia kwa Weah si pengo katika wasifu wake, bali ni sura ndefu kuliko zote. Mchezaji wa Brazil hulikuta Kombe la Dunia likimsubiri, kazi yake ni kuchaguliwa tu. Yeye alilazimika kwanza kuitengeneza timu, kisha kuilipia, kisha kuifundisha, kisha kuifungia mabao, na bado akaukosa mlango kwa unene wa kidole. Mwaka 2002 aliongoza kikosi hicho kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Mali, akafunga katika sare ya 1–1 na wenyeji, na huko ndiko safari yake na Lone Star ilikofikia ukingoni.

---

Mshika Kibendera:

Naomba kutofautiana kidogo na sauti ya uzi huu, si kwa kumchukia mtu, bali kwa sababu vijana wakielezwa habari za malaika watatuuliza maswali magumu zaidi siku wakisoma wenyewe.

Novemba 1996, baada ya mechi ya Ligi ya Mabingwa kati ya Porto na Milan, Weah alimpiga kichwa beki Jorge Costa katika njia ya kuingilia vyumbani na kumvunja pua. Alifungiwa mechi sita. Weah alisema alikuwa ametukanwa kwa ubaguzi wa rangi, Costa akakanusha, na UEFA hawakumchukulia Costa hatua yoyote. Jambo la ajabu ni kwamba mwaka huohuo FIFA walimpa Weah tuzo yao ya uchezaji wa haki, na wapo ambao hadi leo hutabasamu wakikumbuka. Mimi sitabasamu, kwa maana adhabu ilikuwa ya haki na ghadhabu yake ninaielewa, na yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Pili, hatuwezi kuzungumzia urithi wake tukaishia mwaka 2003. Aligombea urais wa Liberia mwaka 2005 akashindwa na Ellen Johnson Sirleaf katika duru ya pili, akadharauliwa kwa elimu yake ndogo, akarudi darasani hadi kupata shahada, akawa seneta, na hatimaye akashinda urais na kuapishwa Januari 2018. Alikuta uchumi dhaifu, na Juni 2019 maelfu ya watu waliandamana Monrovia wakilalamikia ufisadi na ugumu wa maisha, wengi wao vijana walewale waliompigia kura kwa jina lake la uwanjani. Mwaka 2023 alishindwa na Joseph Boakai kwa tofauti ndogo sana, akampigia simu kumpongeza kabla hata matokeo ya mwisho hayajatangazwa rasmi. Kwa nchi yenye historia ile, simu hiyo naihesabu kuwa moja ya mabao yake. Lakini utawala wake kwa ujumla sitauita ushindi.

---

Safu ya Nyuma:

Mshika Kibendera, sina ugomvi na ulichosema, ila Kocha aliuliza kuhusu mchezaji. Ningeogopa kumpimia mshambuliaji mizani ya rais, kama ambavyo ningeogopa kumpigia rais kura kwa sababu ya bao la Verona. Waliberia wengi walifanya hilo la pili, na labda ndipo kosa lilipoanzia.

Nitaongeza jambo moja tu la uwanjani. Septemba 2018, akiwa rais na umri wa miaka 51, alivaa jezi katika mechi ya kirafiki dhidi ya Nigeria mjini Monrovia, mechi iliyoandaliwa kwa ajili ya kuistaafisha jezi namba 14, na akacheza hadi dakika ya 79. Wengine waliona ni kituko. Mimi niliangalia miguu yake tu. Mbio zilikuwa zimekwisha kabisa, lakini bado alipokea mpira akiwa ameuweka mwili kati yake na beki. Hicho ndicho cha kuwafundisha vijana wako, kwa kuwa hakihitaji kipaji.

---

Kocha wa Chipukizi:

Nawashukuru sana nyote. Leo jioni nimerudi kwa vijana na kubadilisha mpango wangu. Sikuanza na video. Niliandika ubaoni msimamo wa lile kundi la mchujo wa 2002, Nigeria 16 na Liberia 15, nikawaambia wafikirie kwamba wao ndio nahodha, na kwamba tiketi za ndege za timu nzima zimetoka mfukoni mwao. Kimya kilikuwa kirefu kuliko siku ya bao la Verona.

Baadaye ndipo tukaangalia bao la Munich, tukahesabu migusano kama Safu ya Nyuma alivyoelekeza. Suala la Porto nimeligusia, wakabishana wao kwa wao, nami nikawaacha. La urais nimeliweka kando, wakikua watalisoma.

Yule kijana aliyeuliza swali alikuwa na jipya. Alitaka kujua kama katika familia hiyo hakuna kabisa aliyewahi kucheza Kombe la Dunia. Nikamwambia yupo: mwanawe, Timothy, aliyezaliwa Marekani na kuichezea nchi hiyo, alifunga bao dhidi ya Wales mwaka 2022 kule Qatar. Akafikiri kidogo, kisha akauliza tena kama baba yake angelikubali kubadilishana, lile la Verona kwa hili la Qatar. Hilo nimeshindwa kulijibu, nami nalileta kwenu.